Baba Kwenye Pedali ya Munganga wa Meno

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, pale juu, na nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi mtu wa kucheka kwa kelele, nikianza, soko zima la Alunguli linageuka! Munganga wa meno alilichokonoa kwa sindano iliyopinda, akalichungulia kwa kioo chake kidogo chenye mkono, akasema tundu limekaribia mshipa.

"Nikichimba vizuri, nitaziba. Nikigusa mshipa, ninang'oa."

Koleo la kung'olea lilikuwa limelala kwenye sahani, karibu na pua yangu. Nililichukia.

Mazutu ya jenereta ilikuwa imeisha hospitalini. Ilibaki mashine ya zamani ya kutobolea, ile inayozungushwa kwa mguu, na msaidizi wa kuikanyaga alikuwa ameitwa kwenye mazoezi ya kuimba na kucheza ya chama. Dawa ya ganzi nayo, usiulize. Munganga akamgeukia baba aliyenileta, fundi cherehani aliyewashonea wakubwa wa Kindu abakosi, zile suti zisizovaliwa tai.

"Sitwayen," akamwita, kama raia wote walivyoitwa siku zile, "wewe njo utakanyaga."

Baba akavua viatu, kama alivyofanya kila siku mbele ya cherehani yake. Pedali ikaanza, kamba ikazunguka, ncha ya chuma ikaingia jinoni. Mama wee! Nikalia. Papo hapo baba akainua mguu. Ni mazoea ya fundi: nguo ikikunjamana chini ya sindano, mguu unatoka kabla hujafikiri. Lakini ncha ikanasa ndani ya jino, na munganga alipoivuta niliona vimulimuli.

"Baba, usisimamishe! Ukisimamisha njo unamuumiza!" munganga akafoka.

"Mutoto analia!"

"Alie! Ikinasa tena, jino litapasuka."

Wakaanza upya. Nikaguna kidogo tu, baba akaacha. Ikanasa. Sasa munganga alikuwa anatokwa jasho, akalitupia koleo jicho. Wallahi, nilimkasirikia baba kuliko maumivu yenyewe. Nikamtolea macho: kanyaga!

Baba akageuzia uso ukutani, akafumba macho, akaanza kusoma Fatiha, akakanyaga. Nikang'ang'ania kiti na kumeza kilio chote. Harufu ya mfupa unaoungua ikanijaa puani, maumivu yakapanda hadi sikioni. Mguu haukusimama.

Munganga akatoa ncha. Akakwangua tundu kwa kijiko chake kidogo, akalikausha kwa pamba, akakoroga simenti nyeupe juu ya kipande cha kioo, haraka haraka kabla haijaganda, akaishindilia ndani na kuisawazisha. Muda wote huo baba alikuwa bado anakanyaga, mashine ikizunguka bure, shati limemlowa mgongoni, naye anarudia Fatiha kwa sauti. Mimi mdomo umejaa pamba, nitamwitaje?

Munganga akamshika bega. "Baba, tumemaliza."

Mguu ukasimama. Hakugeuka. Akauliza huku bado anatazama ukuta:

"Jino iko?"

"Iko."

Ndipo baba akakaa chini, sakafuni, akalia kwa kelele kuliko mimi.