Nyumba ya Shangazi Taya Haipati Joto

Mimi moto naujua. Kazi yangu yote ya maisha ilikuwa kuchochea tanuri la shule ya kijiji chetu, nikipakia makaa ya mawe kwa koleo mpaka mabega yangu yakawa ya kiume, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia Rimma ni mwoga wa kuogopa ovyo. Lakini majira ya baridi yale, kipimajoto kiliposhuka nyuzi arobaini chini ya sifuri na kukataa kupanda, niliamka na hofu na kulala na hofu. Niliyekuwa namhofia ni jirani yangu, Shangazi Taya.

Jina lake kamili ni Taisia, ila hapa kijijini mkubwa kwa mdogo humwita shangazi, hata wanaomzidi umri. Alikamua ng'ombe wa shamba la ushirika tangu yu msichana hadi vidole vikapinda visinyooke tena. Mumewe, Yefim, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Huyu Yefim aliona aibu fundi mzima kuota moto kwenye jiko la matofali kama bibi yake, basi akaokota mabomba chakavu kila kona na kutengeneza mambo yake mwenyewe. Alichomeka tangi la chuma ndani ya jiko. Maji yakichemka yanapanda kwenye bomba, yanapita kwenye rejeta, vyuma vipana vya kupashia chumba, chini ya kila dirisha, yanarudi jikoni yamepoa, yanapashwa upya. Pampu hakuna, umeme hauhitajiki. Nyumba ikawa na joto kila chumba, na Shangazi Taya akatembea kijijini kichwa juu.

Kisha Yefim akafa, mabomba yakabaki. Mjane akawa anayapangusa vumbi kila Jumamosi, polepole, kwa kitambaa laini. Binti yao Larisa anaishi mjini, ghorofani, na kila mwaka anakuja kumchukua mama yake, na kila mwaka anaondoka peke yake amenuna. Mabomba ya baba yako nimwachie nani, ndilo jibu analopewa. Ukimwambia Shangazi Taya kwamba mabomba ni chuma tu, anakutazama kama umemtukania maiti.

Baridi ile ilipoingia tu, asubuhi moja akaja kwangu amejifunga shali mbili, midomo inamtetemeka.

"Rimma, chumba cha nyuma kimekufa."

Sikungoja chai yangu ipoe. Bomba la chumba cha nyuma limepita kwenye ukuta unaotazama mto, na upepo wote wa mto unaupiga ukuta huo. Maji yakisimama mle yataganda, yakiganda yatapasua chuma, na chuma kikipasuka mahali pamoja tu, nyumba nzima imekwisha, huwezi kuwasha moto tena mpaka fundi aje. Na fundi kwa baridi ile haji. Mwanamke wa umri wake kwenye nyumba isiyo na moto, haki ya Mungu, hafiki kesho. Yote hayo alikuwa anayajua, ndiyo maana midomo ilimtetemeka.

Nikayapapasa mabomba. La kwenda lilikuwa la moto, nusura liniunguze. La kurudi lilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Nikafungua kikoki kidogo cha rejeta ya mwisho, pale pa kutolea hewa. Hewa ikatoka, fsss, ikaisha. Nilitegemea maji yafuate, hayakufuata. Nikajua juu hakuna kitu. Nikapanda darini, liliko tangi dogo la kujazia, Yefim alilivika koti lake kuukuu la pamba lisigande. Nikafunua. Kavu hadi chini.

Tukabeba ndoo za maji ya uvuguvugu, yeye akinipa kutoka chini, mimi nikimimina, ngazi ikilia chini ya miguu yangu. Mabomba yakaanza kunguruma nyumba nzima kama tumbo la mwenye njaa. Baada ya muda rejeta ya chumba cha nyuma ikapata joto, na Shangazi Taya akaegemeza shavu lake pale akalia. Akanilisha viazi na kabichi chachu mpaka nikashindwa kuinuka. Akasema Yefim huko aliko amefurahi. Mimi nilikuwa nakula huku najiuliza swali moja tu, maji ya mwanzo yalikwenda wapi.

Asubuhi ya pili nikapanda tena. Tangi lilikuwa limeshuka nusu.

Tukainua mazulia. Tukafungua kifuniko cha sakafu nikaingia na taa kwenye shimo la viazi. Nikapitisha kiganja chini ya kila kiungo cha bomba. Hakuna hata tone. Jamani, ningeona dimbwi ningefurahi, maana dimbwi unalijua, unaliwekea beseni. Maji yanayopotea bila kulowesha kitu ndiyo yaliyonitisha. Nikachuchumaa mbele ya jiko, nikafungua mlango wake, nikatega sikio. Ndani kulikuwa na sauti ya kitu kinachokaangwa. Makaa ya upande wa kushoto yalikuwa meusi, yamelowa, yanatoa mvuke.

Nikamwambia wazi kwamba tangi la ndani ya jiko limetoboka, maji yanadondokea motoni na kupanda na moshi. Ndiyo sababu joto halitoshi: maji yanapungua juu, na moto wenyewe unalowa chini.

"Yefim hakuwahi kuchomelea vibaya," akasema.

"Shangazi, Yefim mwenyewe kafa. Chuma nacho kinachoka."

Akanipa mgongo. Nikavaa buti zangu. Nilimsihi ahamie kwangu mpaka baridi ipungue, nina kitanda, nina nafasi. Akauliza, akiondoka yeye, moto atauchochea nani? Na hapo, ingawa nilitaka kumtikisa, alikuwa anasema kweli. Moto ukizimwa, mabomba yanaganda. Kumwaga maji yote na kumsubiri fundi maana yake ni kuifunga nyumba hadi majira ya kuchipua, na Larisa angekuja siku hiyo hiyo kumpakia. Basi tukakubaliana tujaze tangi asubuhi na jioni, tuilee nyumba ile kama mgonjwa mpaka baridi ikatike.

Lakini kilichokuwa kinaninyima usingizi hakikuwa tangi. Kilikuwa bamba.

Ndani ya dohani, juu ya jiko, kuna bamba la chuma unalolisukuma kwa mkono. Moto ukishaisha kabisa unalifunga, joto lisipande angani, likae na wewe. Ukilifunga makaa yakiwa bado na ule moto wa bluu, hewa mbaya inakosa njia, inarudi chumbani, haina harufu, haina moshi, inakujia kitandani na kukulaza moja kwa moja. Hakuna mtu kwetu asiyejua hili. Hakuna ukoo ambao haujazika mtu kwa hili. Na bado kila mtu hufunga mapema kidogo, maana kwa baridi ile unalisikia joto lako likikimbilia juu na roho inakuuma. Kila mtu ana jicho lake la kupima, na kila mtu anaamini jicho lake halidanganyi.

Sasa makaa yaliyolowa ndiyo waongo wakubwa. Juu yanaonekana meusi, yamekufa, ukiyachokoa chini kuna moto wa bluu unacheza. Jicho la Shangazi Taya lilizoea makaa makavu. Nikamweleza hivyo, taratibu, mara kwa mara. Akacheka.

"Binti, mimi nilikuwa nafunga bamba wewe ukinyonya."

Nina wajukuu, ananiita binti. Basi kila jioni nikawa naenda. Naingiza chuma cha kuchokorea, namfunulia moto uliojificha, tunakaa wote mpaka uishe, ndipo namruhusu afunge. Madirisha yake yalikuwa na vioo viwili, yamebandikwa karatasi kwenye nyufa tangu vuli, hata upepo wa sindano haukupita. Nilikuwa nikikaa pale natazama karatasi zile nzuri alizozibandika kwa gundi ya unga, na kijasho chembamba kinanitoka. Yeye alikuwa anatazama dohani. Kila dakika ya kungoja ilimuuma, nilimwona, mkono wake ukijipeleka juu wenyewe na kurudi mapajani. Akaanza kuniita polisi wa dohani. Akawaambia watu dukani kwamba Rimma amestaafu kazi ya tanuri sasa ameajiriwa kwenye jiko lake.

Jioni moja akanishukuru, akanisukuma mgongoni kwa upole hadi mlangoni. Alisema nimechoka, macho yamenivimba, atangoja mwenyewe. Akaapa mbele ya picha ya mtakatifu iliyo kona ya chumba. Nikaondoka bamba likiwa wazi, nimeliona kwa macho yangu.

Kwetu ukiamka kwenye baridi kama ile, kabla hujanawa uso, unatazama mapaa. Hewa haina upepo, moshi wa kila nyumba unasimama wima, na kwa moshi unajua nani ameamka. Asubuhi ile nilikwangua barafu kwenye kioo nikatazama. Kwa Kondrat dereva wa trekta kulikuwa na moshi. Kule ng'ambo pia. Kwa Shangazi Taya, dohani ilisimama tupu.

Nilitoka bila shali. Sikumbuki uzio niliuvukaje. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa ndoano ndani, nikapenyeza kisu kwenye ufa nikaiinua, nikapita kibaraza kilichofunikwa, nikavuta mlango wa ndani. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, kifudifudi, amevaa gauni la kulalia. Nilipomgeuza, mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya msichana aliyetoka kucheza kwenye theluji. Rangi hiyo naijua, ndiyo inayoachwa na ile hewa mbaya.

Nikamshika kwapani nikavuta. Yeye ni mzito na mimi nilishaanza kuona giza, nikamfikisha kizingiti cha kibaraza, zaidi ya hapo mikono ikakataa. Nikaachia milango yote miwili wazi. Nikarudi, nikavunja dirisha kwa chuma cha kuchokorea, vioo vyote viwili, hewa ipite. Bamba lilikuwa limesukumwa hadi mwisho. Nikalivuta. Kisha nikatambaa nje, kichwa kinagonga kama ngoma, nikamfunika kwa koti lake la ngozi ya kondoo, nikamsugua theluji kwenye paji la uso na kupiga kelele kumwita Kondrat. Kondrat akatoka na suruali ya ndani, akaelewa, akakimbilia simu ya dukani kumwita mganga wa zahanati.

Huko nje baridi ingemuua, humo ndani hewa ingemuua. Tulikuwa na kile kizingiti tu, mpaka nyumba ijisafishe.

Ndipo nilipokumbuka mabomba. Moto ulikuwa umekufa tangu usiku, maji yamepoa, na sasa baridi yote ya mto inaingia dirishani. Kuna koki nyuma ya jiko. Ukiifungua maji yote yanamwagika na mabomba yanapona. Nilivuta pumzi nikaingia. Nilifika katikati ya chumba, sakafu ikainuka upande mmoja, nikaanguka kwa mikono, nikarudi nilikotoka kwa magoti. Nilijua nikijaribu tena Kondrat atatukuta wawili.

Shangazi Taya akatapika. Sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia yale matapishi. Akafumbua macho, akanitazama bila kunijua, akatazama mlango.

"Funga," akasema. "Joto linatoka."

Nikamwambia tulia, Shangazi, pumua tu. Akauinua mkono wake uliopinda akaushika mlango ukingoni, akawa anauvuta, mkono hauna nguvu hata ya mtoto. Nikaubandua kidole kimoja kimoja. Kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti kavu, fupi, ya chuma kupasuka. Rejeta. Kisha nyingine, karibu zaidi, na hapo akili zake zote zikamjia, nikaona jinsi zilivyorudi usoni mwake.

"Rimma. Ni ya Yefim hiyo. Funga mlango, nakuomba."

Alianza kulia bila sauti, machozi yakiganda kabla hayajafika kidevuni. Akanipiga kifuani, akaniita muuaji, akanisihi tena kwa jina langu. Mimi nikamkumbatia na koti lake nikamkandamiza kwangu asiweze kugeuka, nikaweka mguu kwenye mlango ubaki wazi.