Kitambaa cha Maombi Kilichotoa Damu Kumsenga

Jamani, kabla hamjaanza kunitukana kwenye maoni, someni mpaka mwisho.

Mimi ndiye yule mwanamke wa Kumsenga ambaye kitambaa cha maombi kilitoa damu mikononi mwake. Kama uko Kibondo, hiyo habari umeshaisikia. Na umeisikia vibaya.

Naitwa Esteri. Nina genge langu, nauza vitunguu, dagaa, sabuni za mche na binzari ya njano. Mume alikwenda machimboni, tumwache huko huko.

Nina binti mmoja, Winnie, yuko darasa la tano. Huyu mtoto ana maswali! Ukimwambia jua limezama, anakuuliza limezamia wapi.

Siku moja nimekwenda Kasulu kufuata mzigo, nikapita kwa Kuruthumu, muuza vitabu vya mitumba. Nilitaka kalamu tu.

"Mama Winnie, mpelekee mwanao hiki, atatulia," akanisukumia kitabu cha majaribio ya sayansi kwa watoto.

Atatulia! Kuruthumu, Mungu anakuona.

Nyumba ikageuka maabara. Mara yai limelala kwenye siki, mara puto limevalishwa chupa yenye hamira, mara misumari inaota kutu kwenye glasi zangu za wageni. Nilikuwa nafoka, ila moyoni nafurahi. Mimi niliishia la saba.

Sasa sikilizeni. Tuna kikundi chetu cha maombi, kila Jumatano tunasali nyumba kwa nyumba. Kuna kitambaa cheupe cha kutandika mezani. Nyumba inayofuata kwa zamu ndiyo inakifua, na hukifui kwako kimyakimya. Unakifulia bombani, mbele za watu, wote waone umekitakasa. Ndio utaratibu tuliorithi kwa mama zetu.

Zamu ikawa yangu, kitambaa kikalala kwangu. Nimefika bombani, nimekilowanisha, nikaona pembeni kuna unjanounjano. Nikadhani vumbi. Nikapaka sabuni, nikasugua.

Kikawa chekundu. Wallahi ningekuwa Mwislamu ningeapa! Povu jekundu linashuka kwenye vidole vyangu.

"Yebaba we!" Pelagia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaachia ndoo. "Damu! Damu ya Yesu!"

Na mimi nikapiga magoti, nisiwadanganye.

Nimerudi nyumbani, nikamkuta Winnie mlangoni, uso umemshuka.

"Mama, nisamehe. Nilipaka binzari kwenye kile kitambaa. Kitabu kinataka kitambaa cheupe, na foronya yako ulinikataza."

Akanifungulia ukurasa. Binzari ikikutana na sabuni inakuwa nyekundu. Hata picha ipo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema kesho nawaeleza wenzangu, tutacheka wote, yataisha.

Thubutu!

Asubuhi uwanja umejaa. Watu wametoka mpaka Busunzu. Mzee Evaristi, kiongozi wetu wa maombi, amekitundika kile kitambaa kwenye kamba yangu ya nguo na watu wanapita kukigusa.

Mbele kabisa yuko Pelagia, amembeba binti yake Ndayikunda mgongoni.

Hapo kicheko kiliniisha. Ndayikunda ni shoga yake Winnie. Alianguka mtini, mguu ukavimba, ukaanza kutoa usaha. Zahanati walishasema mfupa unaoza, apelekwe hospitali ya Kabanga akapasuliwe. Pelagia alikuwa ameshafunga na mizigo ya safari.

"Mama Winnie, hatuendi tena," ananiambia, machozi ya furaha yanamtoka. "Mungu amekuja mwenyewe mpaka bombani, mimi nimpeleke mwanangu kwenye visu vya nini?"

Nikamshika mkono.

"Pelagia, ile ni binzari! Winnie alikuwa anajaribu kitu cha kitabuni."

"Usimkufuru Mungu, Esteri."

Sawa. Nikaingia ndani, nikatoka na foronya yangu, binzari ya gengeni na kipande cha sabuni. Nikaita watu wote wasogee. Nikapaka binzari, wameona. Nikapaka sabuni, wanaangalia.

Ikawa nyekundu.

Wakatazamana. Nikajua sasa wameelewa.

"Imana ishimwe, Mungu asifiwe!" Mzee Evaristi akarusha mikono juu. "Hata foronya yake! Mama huyu mikono yake imebarikiwa!"

Winnie akanivuta gauni. "Mama, kamulia limau. Ukurasa wa pili unasema inarudi njano."

Nikakamua limau. Wekundu ukatoweka.

"Dhambi zimefutwaaa!" Watu wakaanguka chini, vigelegele, wengine wanalia. Binzari yote ya gengeni ikaisha mchana ule, wanaiita ya uponyaji. Mimi nimesimama na limau mkononi.

Nilirudi kwa Pelagia kila siku. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia nitakaa naye hospitali. Winnie akamsomea kitabu neno kwa neno. Pelagia anatikisa kichwa, anatabasamu kama mtu anayemhurumia kichaa.

"Hata shetani anajua kusoma, mwanangu," akamwambia Winnie.

Na mguu ameuzungushia kile kitambaa, Mzee Evaristi amempa, kimelowa. Harufu unaipata toka nje. Siku moja Ndayikunda, homa imempanda, alimwangalia Winnie akamuuliza, "Wewe ni nani?"

Winnie alilia njia nzima. "Mama, wameona kwa macho yao. Kwa nini hawaamini?"

Nilikuwa na ukweli wote, na picha, na limau, na mtoto wa watu anakufa nikiona. Sijawahi kujisikia mtu bure namna ile.

Jumatano ikafika, maombi kwangu. Wameimba, wamesali, Pelagia amemlaza mwanawe katikati ya chumba. Mtoto anahema kwa shida.

Nikajitupa chini.

Nikajigaragaza, nikatetemeka, nikatoa sauti ambayo hata mimi sijui nimeitoa wapi. "Kitambaa kinasema! Kinasema Kabanga! Mtoto apelekwe Kabanga sasa hivi, mkono wa Mungu unamngoja huko!"

Hakuna aliyeuliza swali. Hakuna aliyesema nithibitishe! Mzee Evaristi mwenyewe alikimbia kutafuta gari. Hata wimbo haukumaliziwa, Pelagia na mwanawe wameshapakiwa, wanaondoka.

Madaktari wakampasua. Walimwambia Pelagia wangechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa, au wangerudi na maiti.

Ndayikunda amerudi na magongo. Anacheka, anakula. Ila bado kuna upasuaji mwingine, wameambiwa warudi Kabanga tarehe ikifika.

Pelagia alikuja na kuku, akapiga magoti mbele yangu. Nilimwinua haraka, nikasema tumshukuru Mungu na madaktari.

"Madaktari walitumwa na kitambaa," akasema. "Na tarehe ikifika nitakwenda tena, maana kitambaa kimeshasema. Bila hicho, mwanangu hamgusi mtu kwa kisu."

Mnaelewa nilipo?

Juzi nachambua maharage, Winnie akaja akakaa karibu yangu. Kitabu hakishiki tena, nilidhani amekichoka.

"Mama."

"Sema mwanangu."

"Nilikosea mimi. Siyo binzari."

"Winnie, si ulinionyesha mwenyewe?"

"Binzari inabadilika rangi tu, mama. Binzari haiongei. Kile kitambaa kilisemaje Kabanga?"

Nikachomoa jiwe kwenye maharage. Nikalitupa.

Nikimwambia mama yake alidanganya, huyu hawezi siri, jioni Ndayikunda anajua na usiku Pelagia anajua. Hapo safari ya Kabanga imekufa. Nikinyamaza, mwanangu naye anaamini kitambaa.

Nimenyamaza.

Akainuka, akaenda kusimama na wenzake kwenye foleni ya kugusa kitambaa, kimerudishwa kwenye kamba yangu. Nilimwona dirishani, akafumba macho kama wanavyofumba wao.

Funzo nililopata, mlichukue au mliache: uongo hata ukiokoa mtoto wa jirani, utadai wa kwako.