Wimbo wa Tonton Nikauita wa Wamarekani

Nimekosa, ndugu zangu. Msinitafutie sababu, sina. Nilimwibia mtu aliyenilea, na nilimwibia akiwa amekaa mbele yangu, ananitabasamia!

Mimi Mkongomani, naishi La Rochelle hapa Johannesburg. Kazi yangu ni gitaa kavu, lile la kupiga kwa vidole: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinaimba kwenye nyembamba. Alinifundisha Tonton, mjomba wangu, fundi cherehani wa Doornfontein, hapa hapa jijini.

Tonton alikuwa na wimbo mmoja tu aliotunga mwenyewe, kule kwetu Likasi, baada ya kumzika mke wake. Hauna maneno. Hakujaliwa mtoto, basi akanirithisha mimi.

Nikapata kazi kwenye baa moja wanakopenda nyimbo za kale za Marekani, za mashamba ya pamba na za reli. Bosi mkali huyo! "Hapa Marekani tu. Mambo ya Kongo kapige kwenu." Na nyimbo za namna ile nyingi hazijulikani nani alizitunga. Ukisema tu "ni ya zamani", hakuna anayekuuliza zaidi.

Jumapili moja mchana Tonton akaja kunisikiliza kwa mara ya kwanza, kavaa suti aliyojishonea. Nikataka kumfurahisha, nikaupiga wimbo wake. Watu wakasimama wakapiga makofi! Bosi akauliza kwa sauti, "Huo wa nani?"

Eish, nikaona kibarua kinaota nyasi. Nikasema kwenye maiki, "Wa zamani huo, wa kusini mwa Marekani. Hauna mwenyewe."

Hauna mwenyewe! Na mwenyewe yule pale na soda yake!

Tonton alimaliza soda, akanipungia mkono, akaondoka. Wiki ile ile gitaa lake akampa jirani.

Wimbo huo ndio ulionipa jina. Nikaitwa huku na huku, mpaka Marekani kwenyewe. Sasa wengine wanaupiga mitandaoni, wanaandika ni wa zamani. Nikiwaambia ni wa mjomba wangu wananicheka: "Kaka, si wewe mwenyewe uliyesema?" Kweli, ulimi uliponza kichwa.

Mwezi jana Tonton akaugua sana. Nikaenda na gitaa, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikalia, nikaupiga wote. Alisikiliza kafumba macho. Nikadhani amenisamehe.

"Huo wa Wamarekani mzuri, mwanangu," akasema. "Sasa nipigie wangu."

Yesu wangu! Nikabaki vidole juu ya nyuzi. Ningepiga upi?

Tulimzika Jumamosi. Gitaa langu liko nyuma ya mlango, silitazami.

Nyie mnaokula kwa ufundi mliofundishwa, nawaomba jamani: mtu akiuliza hiki cha nani, taja jina la mwenyewe hapo hapo, hata kama bosi amekukazia macho. Akufukuze! Kibarua utapata kingine. Mimi Tonton nitampata wapi?