Nilijua Kukamua, Nikanyamaza

Bwana Mhariri, jina langu sikupi. Ukilichapa, wako watu hapa Molo watakaonitafuta wanipige, na wakinipata watakuwa na haki. Mkosaji ni mimi. Usimsingizie Mungu, wala baridi ya huku juu, wala shetani. Ni mimi!

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko ukikushinda nisamehe. Hasira yenyewe ni yangu juu yangu mwenyewe, na sehemu ndogo ni juu ya mtu mwingine nitakayemtaja mbele.

Mimi ni mkamuaji. Nilitoka kwetu magharibi nikiwa kijana, nikaandikwa kazi kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Molo, shamba la ng'ombe na maua ya pareto. Sijisifu, lakini ulizeni: ng'ombe anayempiga teke kila mtu, kwangu mimi husimama kama yuko kanisani. Najua kubana chuchu bila kuivuta. Najua kwamba kiwele kisipomalizwa mpaka tone la mwisho, kesho kitatoa kidogo, kesho kutwa kidogo zaidi, na wiki ikiisha kimekauka. Hiyo ndiyo elimu yangu. Sina nyingine, na hiyo ingetosha!

Mke wangu alikaa miaka sita bila mtoto. Mnajua maneno ya laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, ambako ukikohoa jirani anakujibu pole. Walimsema mpaka akaacha kwenda mtoni na wenzake. Alipopata mimba hatimaye, aliniambia hivi: "Mtoto akija nitakaa nje, pale kwenye jua, nimnyonyeshe asubuhi yote. Kila mtu apite aone." Hakuniomba nguo wala sufuria mpya. Alitaka hilo tu.

Mtoto akaja mapema, mwezi mzima kabla ya siku zake. Alizaliwa kwenye zahanati ya misheni, mdogo, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja changu. Tulimwita Yona. Hilo si jina lake, nimeligeuza, maana lake siwezi kuliandika bado. Akiwekwa kwenye titi alifungua mdomo, akagusa, halafu akalala. Hakuwa na nguvu ya kuvuta.

Muuguzi wa pale, mama wa makamo asiye na mzaha, alituketisha wote wawili.

"Mama, huyu atanyonya, lakini si leo. Labda baada ya wiki mbili, tatu. Mpaka siku hiyo, utakamua maziwa kwenye kikombe kilichochemshwa, umpe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila akiamka. Hata yakitoka matone, kamua. Ukiacha, maziwa yatakauka, na siku mtoto atakapopata nguvu atakuta hakuna kitu."

Akamwonyesha kwa ngumi yake mwenyewe, kana kwamba ndiyo titi. Shika nyuma ya ile sehemu nyeusi, sukuma kidogo kuelekea kifuani, ndipo ubane. Usivute chuchu. Mke wangu aliitikia tu, macho yanamfunga kwa uchovu. Mimi nilielewa mara moja. Ilikuwa kazi yangu!

Muuguzi akanigeukia. "Na wewe baba, unafanya kazi gani?"

"Nakamua ng'ombe, Sista."

Ndipo alipocheka. "Basi mama ana fundi nyumbani! Msaidie. Mikono yake ikichoka, shika wewe. Akikosea, mwonyeshe. Hakuna aibu hapo."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo mbele ya msalaba uliotundikwa ukutani, na Mungu ananisikia.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake, kwenye banda la kukamulia, nikamwendea mnyapara wetu nikamwomba ruhusa ya kutoka mapema kila siku, kwa wiki mbili tatu. Akaniuliza kwa nini. Na mimi mjinga nikamweleza yote, tena kwa furaha, nikidhani namweleza mtu.

Mnyapara akaweka ndoo chini. "Ati nini? Wewe utakamua bibi?" Akawaita wengine. "Kujeni musikie! Fundi sasa iko na zamu tatu! Ya asubuhi, ya jioni, na ile ya nyumbani! Sasa hiyo maziwa utapeleka kiwanda ya krimeri ama utakunywa wewe mwenyewe?"

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Ilipofika saa nne, laini nzima ilikuwa inaniita Zamu Tatu. Watoto wakiniona wanachezesha vidole wakikamua hewa. Sijagusa kikombe hata mara moja, nimeshapewa jina!

Niliingia nyumbani nimevimba kwa hasira. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, mtoto pajani, kikombe mkononi.

"Baba Yona, yule Sista alisema nishike wapi? Mimi naona hayatoki. Njoo unionyeshe."

"Kamua mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nakamua ng'ombe. Sikamui wanawake."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika yalivyo ili muyaone.

Mtasema wanawake wa laini wangemsaidia. Wapi! Mwaka ule, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilikuwa imewabeba Wakikuyu kwa malori kuwaondoa mashambani, na akina mama wazee waliojua mambo ya uzazi wakaenda nao. Nusu ya nyumba zilikuwa tupu. Waliobaki walikuwa wasichana kama yeye, na mmoja wao akamwambia kwamba maziwa ya mama hayawekwi kwenye kikombe, mtu wa jicho baya akiyaona yatakatika. Kwa hiyo mke wangu alibaki na mimi tu. Na mimi nilikuwa nje.

Nilikuwa nje kwelikweli! Nilikaa kwenye kizingiti, nimeupa mlango mgongo, nachonga mpini wa jembe ambao haukuwa na shida yoyote. Namsikia huko ndani. Nilijua anavuta chuchu, kwa sababu nimefundisha vijana wengi kukamua na kosa lao la kwanza ni hilo hilo. Anavuta, analia, anapata kijiko kimoja, anampa mtoto, anaanza tena. Maneno mawili yangetosha: bana, usivute. Sikuyasema. Wapita njia walinisalimu nikawaitikia vizuri kabisa.

Watu husema mganga hajigangi. Uongo! Mganga hakutaka, basi.

Siku ya tatu chuchu zikapasuka. Siku ya tano titi la kushoto likawa gumu, naye akaacha kulikamua kwa sababu ya maumivu. Nilijua mwisho wake. Hakuna mtu katika shamba lile aliyeujua kuliko mimi. Kila nikitaka kuinuka, nasikia kile kicheko cha bandani, nakaa tena.

Sasa sikieni hili, halafu mniambie kama mimi ni binadamu.

Wiki ile ile, ng'ombe mmoja wa mzungu, anaitwa Deisi, aliamka na kiwele kigumu. Mzungu mwenyewe akaja mbio. "Fundi! Deisi iko gonjwa. Wewe kaa na yeye. Hapana toka hapa!" Nikakaa naye tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Nilichemsha maji, nikalowesha kitambaa, nikamkanda, nikampaka dawa ya mzungu. Nikamkamua polepole, nikampumzisha, nikamkamua tena. Nilimwimbia wimbo wa kanisa! Nilimwambia, "Pole mama, pole mama, kidogo tu." Hakuna mtu aliyenicheka. Saa kumi kiwele kikalainika, na mzungu akanipiga bega: "Muzuri sana, fundi."

Nikaenda nyumbani na sifa zangu. Mke wangu alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, titi jekundu linang'aa, na joto lake unalisikia kabla ya kuligusa. Yona hakuwa amepata kitu tangu asubuhi.

Na hata hapo! Mikono bado inanuka ile dawa ya Deisi, na hata hapo sikumchemshia mke wangu maji. Nilichukua maziwa ya ng'ombe ya posho, nikayachanganya na maji ya mto, nikampa mtoto kwa kijiko. Nikajiambia maziwa ni maziwa. Mimi, mtu ninayejua ndama wa siku tatu asiponyweshwa maziwa ya mama yake anakuwaje, nikasema maziwa ni maziwa!

Siku mbili mtoto akaharisha. Siku ya tatu macho yakazama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nikamwomba mzungu pasi, kwa maana siku zile bila pasi askari wangetushika njiani, tukapanda lori la maziwa kwenda misheni. Yona alikata roho kabla hatujafika barabara kubwa, mapajani mwa mama yake, katikati ya mikebe. Mama yake alijua. Hakusema neno mpaka tulipofika, kwa sababu aliogopa dereva akijua atatushusha.

Muuguzi alimpokea mtoto, akamfunika. Halafu akamfungua mke wangu gauni, akaliona lile titi. Akanitazama mimi.

"Huyu angekuwa ng'ombe wa mzungu wako," akasema, "ungemwacha afike hapa?"

Nikaangalia mikono yangu.

Titi la kushoto lilipasuliwa usaha ukatoka, na mke wangu alidungwa sindano siku nyingi. Tulimzika Yona kwenye makaburi ya misheni. Mnyapara alikuja mazishini ameleta sukari, akasimama nyuma ya watu na hakuniangalia. Na siku ya tatu baada ya mazishi, ee Mungu, titi la kulia likajaa! Homa imeshuka, mwili umepata chakula na usingizi, na maziwa yakaja. Yalikuja yakalowesha gauni, yakalowesha shuka. Mke wangu aliyaangalia kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua.

Muuguzi akasema, "Yapunguzwe kidogo tu, lisije likaharibika na hili. Yatakauka yenyewe." Akaniwekea kikombe mezani, akatoka.

Nikanawa mikono. Mlango ulikuwa wazi na watu wanapita, na sikuufunga. Nikashika nyuma ya ile sehemu nyeusi, nikasukuma kuelekea kifuani, nikabana. Maziwa yakaruka kwenye kikombe. Nikabana tena. Kikombe kikafika nusu kwa muda ambao ungeweza kusali Baba Yetu mara mbili, tatu.

Mke wangu aliangalia mikono yangu, akaangalia kikombe.

"Kumbe haiumi," akasema.

Hakunitukana, na afadhali angenitukana mpaka sauti imkauke! Alijifunga gauni, akageukia ukutani. Alipopona akaenda kwao, na ndugu zake wameniambia nisimfuate. Sikumfuata. Ningemfuata nimwambie nini?

Mzee wa kanisa amekuja kunifariji. Ati Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nilimfukuza. Nilimwambia Bwana alitoa, na mimi nikakaa kizingitini nachonga mpini. Asimpakazie Mungu makosa yangu!

Na wewe mnyapara, najua gazeti hili huwa unasomewa. Ulicheka, na siku moja utaulizwa. Lakini wewe hukunifunga mikono kwa kamba. Kama ungenifunga ningepata pa kuegemea. Mikono ilikuwa yangu, mizima, inajua kazi, na niliinyima mwanangu kwa sababu ya utani wa dakika tano. Nyie mnaosema mwanamume ni yule asiyechekwa, semeni tena nikiwepo!

Akina mama mnaosoma hii, mtoto wenu akizaliwa dhaifu, msikubali mtu yeyote awaambie maziwa hayakamuliwi. Kamueni. Bana, usivute. Ombeni msaada kwa sauti, na mume akikataa, nendeni mkaite mtu mwingine, hata mnyapara mwenyewe.

Na wewe mwanamume unayesoma hii, mkeo yuko ndani analia na wewe umekaa nje unajifanya una kazi. Najua unamsikia. Watakucheka, ndiyo, wataacha. Weka chini hicho ulichoshika. Inuka, mjinga wewe, uingie ndani!