Mgombea Aliyekosa Uso

Siku ya kwanza kazini, katika kiwanda cha uchapaji kule Barking, London, nilikabidhiwa rula, kioo cha kukuzia na karatasi ya kiapo. Niliapa kutotaja wateja, ndiyo maana hata leo mteja wa kisa hiki namwita tu nchi moja ya Amerika ya Kati. Kabla ya hapo niliuza vitambaa sokoni Tottenham, na huko nilizoea kuhesabu kila kitu mara mbili, mara moja kwa ajili ya mteja na mara moja kwa ajili yangu.

Nilianza kufunga mizigo chini ya Msimamizi wa Stoo, kisha nikahamishiwa kwenye pruufu, yaani nakala ya majaribio inayokaguliwa kabla mashine hazijawashwa. Mkuu wa Ukaguzi alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Mwaka ule tulichapa karatasi za kura za wabunge wa nchi ile. Kule mpiga kura hutia alama kwenye picha ya mgombea. Asiye na picha hana kura. Kwenye mstari wa chama kimoja nilihesabu picha ishirini na tatu. Sawa. Nikarudia, nikitazama nyuso. Ishirini na mbili. Bwana mmoja alikuwa amejitokeza mara mbili, kwa majina mawili.

Mzigo ulikuwa uondoke kwa ndege kesho yake.

"Pengine ni mapacha, dada," Mkuu akasema.

"Pengine, bwana. Lakini wamevaa tai moja yenye doa moja la mchuzi."

Akachukua kioo, akatazama. "Hiyo ni kahawa."

"Nipe saa mbili nimtafute mwenye jina."

"Nusu saa."

"Saa moja na nusu, na chai juu yangu."

"Saa moja. Tangawizi iwe nyingi."

Nilimpigia mwakilishi wa mteja, aliyefikia hoteli ya Stratford. Akatuma picha: mwalimu wa kike, miwani mikubwa. Tukamweka mahali pake, mashine zikanguruma.

Baada ya uchaguzi tukapata habari. Mwalimu alishindwa, tena vibaya. Mkuu akanipa pole, mimi nikacheka. Wananchi wake walimtazama usoni wakasema hapana. Hiyo ni haki yao. Nisingekubali akataliwe na watu wawili wa Barking wenye haraka.

Sasa nimestaafu. Juzi nimeona kwenye simu kwamba anagombea tena, na miwani ni ileile. Nimemfanyia kampeni ndani ya basi hadi Tottenham. Abiria wote wamekubali kumchagua, ingawa hakuna hata mmoja mwenye kura katika nchi ile.