Nilivyolielewa neno "keep" kwenye vichanja vya usipa, Mbamba Bay

Wakuu, habari za mchana.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Mtu wa Mbamba Bay akiona nimekosea, anirekebishe hapahapa.

Shule niliacha darasa la sita. Tangu hapo ni kuzunguka tu: nimevuna kahawa Ukata, nimelima Namswea, nikashuka ziwani. Ila nina ugonjwa mmoja. Neno likiniingia kichwani, situlii mpaka nijue lilikotoka.

Msimu ule lilikuwa keep. Sisi tunalijua kwa kipa wa mpira. Nikagugo.

Kumbe zamani Waingereza walilitumia pia kwa kukikodolea macho kitu, kukivizia, kukilinda. Kukiweka tu kikae ni maana iliyoshika nguvu baadaye. Hata mnara imara wa ngome unaitwa keep. Na ndugu zake katika lugha nyingine hawajulikani kwa uhakika. Neno halina kwao, kama mimi!

Sasa kisa chenyewe.

Mama Gaude, mkaushaji wa usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, alinichukua kwa majaribio. Siku hiyohiyo akapata msiba Kingerikiti.

"Mwanangu, hawa ndio wa mwisho," akaniambia akiniachia vichanja vyake. "Mwezi unakuwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti samaki tena. Wakioza, mimi sina kitu na wewe huna kazi."

Mchana wakaushaji wa vichanja vya jirani wakaenda kula. Mimi nikabaki nimekodoa macho, naijaribu ile keep ya kale. Ndipo nikaona wingu linashuka kutoka milimani.

Nikapiga kelele. Wakarudi mbio, kila mtu akazoa usipa wake kwenye viroba na kukimbiza stoo. Ndivyo walivyozoea.

Mimi nikavuta turubai juu ya vichanja, nikaliinua kwa miti ili upepo upite chini. Ndivyo tulivyofunika kahawa Ukata. Ukiifunga kwenye gunia ikiwa mbichi, inapata joto na kuharibika.

"Oya, Mmatengo!" akaita jirani, Tito. "Usipa si kahawa, hawana ganda! Ingiza ndani, utamfilisi mama wa watu!"

"Kaka Tito, wa kwako unawapika humo kwenye kiroba."

"Basi leta ugali!"

Wakaangua kicheko. Mimi nashikilia kamba upepo usiling'oe turubai.

Jioni mvua ikakata, nikafunua, upepo ukapiga.

Asubuhi Tito akafungua viroba vyake. Mvuke, harufu, nzi. Hakuna aliyecheka.

Mama Gaude akaingia, bado na kanga ya msibani.

"Shikamoo, mama."

Akanipita moja kwa moja hadi kichanjani, akavunja usipa mmoja. Ka! Akamtafuna pamoja na kichwa, taratibu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mzigo wako wa nguo uko wapi? Ulete ndani."

Wakuu, mimi wa kuzunguka, mpaka leo niko hapa, na ndimi msimamizi wa vichanja vyake vyote!

Nilichojifunza: kutunza kitu si kukifungia ukaondoka. Ni kubaki nacho, macho wazi.

Una neno linalokunyima raha? Limwage hapa tulichimbue. Na wabishi wa viroba, uwanja ni wenu.