Walinisifu upole, kumbe nilikuwa nabana mdomo: jibu langu kwa mnaouliza kama implant zina faida

Wakuu, heshima zenu nyote.

Nasoma humu siku nyingi bila kuandika, leo naandika. Haya ni yangu mwenyewe, yamenipata mimi, na anayetaka kuamini aamini. Niko Bujumbura, kwa hiyo mkikuta Kiswahili changu kimeingiliwa na Kifaransa mnivumilie, ndivyo tunavyoishi huku.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa yule mkuu aliyeuliza kama implant za meno zina thamani ya bei yake au ni wizi wa madaktari.

Majibu niliyoyasoma yamenichefua. Mmoja kasema jino ni jino, weka la plastiki usonge mbele. Mwingine kasema hayo ni mambo ya masistaduu. Mkacheka, mkagongeana likes.

Sawa. Kaeni niwaeleze la plastiki linavyosonga mbele.

Mimi ni fundi cherehani, nina atelier yangu ya kushonea mtaa wa Cibitoke. Mume wangu, Baba Divine, ni mtumishi wa serikali. Tunakaa Kinanira, na anayeijua Kinanira anajua ile miteremko yake.

Msimu wa mvua, maji ya bomba yamekatika kama kawaida. Nikaenda kwa jirani na bidon ya kuchotea maji. Kurudi, ngazi ya simenti imelowa, mguu ukateleza, nikaenda kifudifudi, mdomo ukakutana na ukingo wa ngazi.

Meno matatu ya mbele, ya juu. Mawili yalitoka palepale, la tatu likakatikia kwenye fizi.

Na kabla hamjauliza: hapana, hakunipiga. Mtaani walinong'ona hivyo, najua. Baba Divine hajawahi kuninyooshea mkono. Ningekuwa nimepigwa labda watu wangenionea huruma mapema zaidi.

Tukaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja mtulivu, mimi na mume wangu. Aling'oa mzizi uliobaki, akapiga picha, akatuketisha kutueleza.

Option ya kwanza: dentier, yaani meno ya plastiki ya kuvaa na kuvua. Rahisi, unayapata haraka.

Ya pili: bridge. Meno yako mazima ya pembeni yanachongwa, yanabebeshwa yale yaliyokosekana. Mazuri, ila umetoa kafara meno yasiyo na kosa.

Ya tatu: implant. Wanaingiza skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa, mfupa unaishika, kisha juu yake linafungwa jino. Kwangu alisema mbili zingetosha kubeba meno yote matatu. Ghali, sitawadanganya.

Nilimuuliza kwa nini nilipe yote hayo wakati plastiki ipo. Alinijibu maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Madame, mufupa ya jino iko kama mutu wa kazi. Mizizi ikitoka, inaona haina kazi tena, inaanza kwisha polepole. Dentier inakaa juu tu, haiipatie kazi. Leo mufupa yako iko nzuri. Mukichelewa, sitawaahidi kitu."

Mimi nilielewa. Nikamtazama mume wangu. Akasema tutafikiri.

Tulifikiri ndani ya gari, kabla hatujafika nyumbani. Alikuwa ameshika usukani, wala hakupandisha sauti:

"Mama Divine, weye ni mama ya watoto. Meno ya bei ile, unataka kumuchekea nani?"

Kweli, ningesema namchekea nani?

Mwaka uleule tulijenga ukuta wa mawe mbele ya nyumba na geti la chuma lenye maua. Hakuna aliyeuliza geti linamchekea nani.

Basi nikavaa dentier.

Wakuu, nyie mnaosema songa mbele, hamjawahi kuvaa kile kitu. Kinakaa kwenye kaakaa kama ganda la sabuni. Mwezi wa kwanza nilikuwa natapika asubuhi. Nikisema neno lenye F au V kinashuka. Mimi ni FUNDI, jamani. Kujitambulisha tu kwa mteja ilikuwa mtihani.

Kucheka ndiyo kabisa. Zamani nilikuwa nacheka mpaka wa duka la jirani wanakuja kuuliza kuna nini. Siku moja nikacheka hivyo mbele ya wateja, meno yakaruka, yakatua juu ya kitambaa cha bibi harusi. Niliyaokota nikaenda nyuma ya atelier nikalia.

Tangu siku hiyo nikajifunza. Midomo naibana. Naongea kidogo, taratibu. Kicheko kikinizidi nafunika mdomo kwa kiganja na kuinamisha kichwa.

Na hapo ndipo nilipoanza kusifiwa.

Kwetu mke anayeinamisha kichwa, hapazi sauti na hafunui meno hovyo, huyo ndiye mwanamke. Wakwe zangu walijua nimeanguka. Baba Divine aliwaambia meno yalishatengenezwa, yakaishia hapo. Hawakuona plastiki. Waliona heshima.

Wifi yangu mdogo alipotolewa mahari, sherehe ilifanyika kwetu. Mama mkwe akasimama kumuusia binti yake mbele ya watu. Mimi nimekaa pale na sahani ya brochette, mishikaki ambayo siwezi kuitafuna. Nikasikia jina langu.

"Muangalie mukazana wetu," akasema, maana yake mke wa mwanawe. "Alipoingia kwetu alikuwa anacheka kama redio. Sasa muone. Amekuwa mupole, amekuwa mutu muzima. Mutoto wangu, ukifika kwa bwana wako, ufanye kama yeye."

Watu wakapiga makofi. Baba Divine alinitazama kwa fahari, na tangu nimeolewa sikumbuki kunitazama vile.

Nikashukuru. Kwa kichwa, maana mdomo sikuweza kuufungua.

Nilichukia siku ile. Nilichukia kwa sababu nilijua sasa hakuna hata mmoja katika ukoo ule mwenye haja ya kuona meno yangu yanarudi. Niliharibika, wao wakaona nimetengenea.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana uzi ulikuwa wa faida na hasara.

Dentier ya kwanza ilipasuka kwenye hindi la kuchoma. Ikaunganishwa, ikapasuka tena. Ya pili ilikuwa na vikulabu vya chuma vya kushika meno ya pembeni. Vile vikulabu vikavuta jino zima mpaka likaanza kucheza. Ya tatu ikalegea, siyo kwa ubovu wake, bali kwa sababu fizi ilikuwa imeshuka, na fizi inashuka kwa kuwa mfupa chini yake umepungua. Nikawa naipaka gundi kila asubuhi kama ninayebandika stempu.

Ndiyo plastiki yenu ya bei nafuu hiyo. Unainunua, halafu unaendelea kuilipia kwa vitu ambavyo haviuzwi.

Kisha jino la mume wangu likaoza.

Gego, wakuu. La nyuma kabisa, ambalo hata akipiga miayo hulioni. Likang'olewa. Wiki hazikupita nyingi akaenda kwenye kliniki moja binafsi huko juu, akarudi ameshalipa. Implant. Hakuniomba ushauri, alinipa habari.

Nilimpikia uji na supu akiwa anapona. Alipopona, marafiki zake walikuja kumwona, akawa anawaeleza pale sebuleni:

"Jino apana matumizi, ni investissement. Unalipa mara moja, unaitunza, unakula nayo mpaka uzee. Hizi dentier ni kutupa mali."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai. Wageni walipoondoka nikamuuliza: na mimi je?

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Weye si umeshazoea?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linalouma. Angekuwa na ubaya ningemjibu.

Nikangoja zamu yangu ya ikirimba, yaani upatu wetu wa akina mama pale Cibitoke, nikauza na cherehani moja. Nikarudi kwa yule daktari, peke yangu.

Akapiga picha. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka picha ya zamani pembeni yake ili nione mwenyewe. Mahali palipokuwa na mfupa mnene pamebaki ukingo mwembamba.

"Madame, ile siku ingekuwa kazi nyepesi," akasema. "Leo skrubu haina pa kukaa."

Kilichobaki ni kupandikiza mfupa kwanza. Wanachukua kidogo nyuma ya taya lako mwenyewe, wanaongeza na unga wa mfupa wa dukani, wanashona, mnangoja miezi. Ukishika, ndipo implant. Usiposhika, hakuna. Na gharama inapanda juu ya gharama.

Nikasema fanya.

Baada ya upasuaji alinikataza kuvaa dentier, isije ikakandamiza kile kidonda. Kwa hiyo nikawa na pengo wazi, la kuonekana na kila mtu.

Na katika majuma hayohayo, wifi yangu akawa anambatiza mtoto wake wa pili. Baba Divine akaniambia nibaki nyumbani, atasema ninaumwa.

"Utatuaibisha," akasema.

Nikavaa vizuri, nikatangulia kwenye gari.

Pale ubatizoni nilikaa na wanawake wenzangu. Shangazi mmoja akatoa utani kuhusu padri, wote tukaanguka kwa kicheko, mimi kiganja mdomoni kwa mazoea. Nikamwona wifi yangu, yule niliyefanywa mfano wake. Kaziba mdomo kwa kiganja, kainamisha kichwa, mabega yanatikisika, sauti haitoki.

Wifi yangu ana meno yote. Mazuri, meupe, yamejipanga.

Nikamuuliza, "Mbona unajifunika?"

Akashangaa. "Apana, si ndiyo heshima? Waliniambia nifanye kama weye."

Nikamshika ule mkono, nikauteremsha taratibu. Kisha nikafungua mdomo wangu mbele yake, mbele ya wote, nikainua mdomo wa juu kwa kidole.

"Mimi nilikuwa naficha hii," nikasema. "Weye unaficha nini?"

Utani ukaisha. Mtoto mchanga tu ndiye alikuwa analia.

Mama mkwe akasogea, akanishika kidevu kama anavyowashika wajukuu. Akachungulia.

"Tangu lini, mutoto wangu?"

"Tangu kabla hamujaanza kunisifu, mabukwe."

Akasema, "Ungesema."

"Kwa mudomo gani?"

Alikwenda kukaa upande ule mwingine, na Baba Divine hakuongea na mimi njia nzima ya kurudi. Hajanigombeza hadi leo. Ila sifa zimekoma, wala sizitamani.

Matokeo? Mnataka nimalizie kwa furaha, samahani. Mfupa umeshika upande wa kulia. Wa kushoto umekataa. Nitapata implant moja, na jino la pili litaning'inia pembeni yake. La tatu nitaendelea kuvaa kipande kidogo cha plastiki. Pale mwanzo ningekuwa na yote matatu, nimeshasahau kama niliwahi kuanguka.

Sasa somo, kwa aliyeuliza.

Implant siyo muujiza. Mvutaji wa sigara, mwenye sukari isiyotulia, mvivu wa kupiga mswaki, atatupa hela yake. Fizi zinaweza kuvimba, jino la juu linaweza kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka. Mwulize daktari wako, mimi ni wa cherehani tu.

Ila usipime bei ya leo peke yake. Ukingoja, mfupa haungoji na wewe. Kama huna hela sasa hivi, hilo ni tatizo la kweli na sikucheki. Lakini kama hela ipo na imekwenda kwenye geti, basi tuitane kwa majina yetu.

Na mume anayeona jino la mkewe ni urembo, lake ni uwekezaji, huyo aje hapa chini anieleze tofauti. Nina muda. Wenye uzoefu wa kupandikiza mfupa nao waseme ulishika au haukushika. Matusi pia nitayasoma.

Nilisahau kitu kimoja.

Juzi daktari kaniomba nimletee picha yangu ya zamani ninayocheka, ili fundi wa meno atengeneze yanayofanana na yale niliyozaliwa nayo.

Nikatoa albamu. Picha za harusi zote nimenuna, maana kwetu bibi harusi haonyeshi meno, ataonekana ana haraka ya kuolewa. Za kitambulisho, midomo imefungwa. Za sherehe baada ya hapo, msiniulize.

Nikamuuliza Baba Divine kama anakumbuka meno yangu yalikuwaje. Akafikiri, naye alijitahidi kweli. Akasema yalikuwa meupe.

Kwa hiyo nimemwambia daktari akisie.